Fleti mpya Mji wa Kale: anza na kiwanja

Nimezaliwa Kibokoni, na kazi yangu ni ukarani kwa mawakili wa ardhi hapa Mombasa. Kwa hiyo kila ghorofa mpya ikiinuka karibu na Ndia Kuu, jamaa huniletea picha: roshani inatazama bandari ya zamani, jikoni graniti tupu, lifti mpya. Nzuri kweli. Lakini ndugu yangu, hebu tuanze chini.

Ardhi ya Mji wa Kale ina mambo mengi. Viko viwanja vya wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi. Viko vya mirathi: marehemu aliacha warithi, wengine wako Muscat, wengine Jeddah, na mrithi aliyetia saini mkataba na mjenzi ni mmoja tu. Halafu kuna desturi yetu ya pwani ya nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba ni huyu na mwenye kiwanja ni yule, naye hulipwa kodi ya ardhi yake. Ghorofa ikisimama juu ya kiwanja cha namna hiyo, marumaru ya sebuleni hayatakuokoa.

Basi mwombe muuzaji nambari ya kiwanja, umpelekee wakili wako mwenyewe. Usikubali wakili wa mjenzi awatumikie nyote wawili, hata ukiambiwa ni kupunguza gharama. Afanye sachi rasmi, yaani upekuzi wa rekodi za kiwanja, kwenye ofisi ya ardhi, na matokeo uyasome wewe pia: jina la mmiliki, ardhi ni ya milele au ya kukodi, miaka mingapi imebaki, kuna rehani, kuna zuio la kuuza. Rehani haimaanishi ukimbie, maana wajenzi wengi hukopa benki. Dai barua ya benki inayosema fleti yako itaachiliwa ukishalipa. Kama ni ya mirathi, taka kuona uamuzi wa Kadhi au wa mahakama na saini za warithi wote. Na kama wewe si raia wa Kenya, jua kwamba Katiba ya 2010 inakuruhusu kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Uliza pia kama jengo limesajiliwa chini ya sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo. Hiyo ndiyo inayokupa hati ya fleti yako, na fungu lako kwenye ngazi, paa na uwanja. Ukionyeshwa tu karatasi ya kampuni ya mjenzi, subiri kwanza.

Kisha kuna jambo ambalo madalali hulipita haraka. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ujenzi hupitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa, mbali na kibali cha kaunti. Taka nakala za vibali vyote viwili, pamoja na cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Linganisha idadi ya ghorofa kwenye ramani na zile unazoziona kwa macho. Kwangu mimi hili si suala la karatasi peke yake. Nyumba za hapa zilijengwa zikisitiriana, ua wa ndani ni wa wanawake na watoto, na ghorofa ya ziada isiyo na kibali inaweza kuwavua majirani sitara yao. Panda juu ya paa, uangalie linachungulia wapi.

Kutazama fleti, nenda mchana wa jua kali, tena urudi baada ya mvua ya masika. Chumvi ya bahari ndiyo adui mkubwa. Tazama chini ya roshani: alama za kutu na saruji iliyopasuka ni dalili kwamba nondo zinaoza. Muulize mjenzi mchanga ulitoka wapi, kwani mchanga wa ufuoni una chumvi. Fungua bomba, onja. Majengo mengi hutegemea kisima, na maji ya chumvi hula mabomba na hita. Madirisha yafunguke pande mbili, upepo wa kusi na wa kaskazi uweze kupita. Kioo kikubwa kinachotazama magharibi kitakulipisha stima ya kiyoyozi mwaka mzima. Uliza jenereta inabeba lifti au taa za ngazi tu. Gari nalo utaliweka wapi? Vichochoro vingi vya ndani havipitishi gari, kwa hiyo nafasi yako ya kuegesha iandikwe kwenye mkataba.

Pesa: arubuni kwa kawaida ni asilimia 10, na ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani. Fleti ya milioni 18 ina maana ya arubuni ya 1,800,000 na ushuru wa 720,000, kabla hujamlipa wakili. Arubuni ikae kwa mawakili, isiingie mkononi mwa dalali. Ada ya huduma ya kila mwezi iulize mapema, na uwaulize wakazi, si muuzaji, kama lifti hutengenezwa ikiharibika.

Siku ya funguo, kabla hujatia saini ya kupokea, hakikisha stakabadhi za ushuru na za kodi ya kaunti ziko mezani, na hati imeandikwa jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.