Gitaa zuri la brandi isiyo na jina: jinsi ya kulipata bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Ukitaka gitaa la maana kwa hela ndogo, anza kwa kusahau jina lililoandikwa kule kichwani mwa gitaa, uliza limetoka kiwanda gani. Makampuni mengi yenye majina makubwa magitaa yao ya bei ya chini na ya kati hawayatengenezi wenyewe, wanaagiza kwenye viwanda vya Korea Kusini, Indonesia na China, na baadhi ya hivyo viwanda vina brandi zao ambazo watu wanazipita tu dukani bila hata kugeuka. Mfano rahisi ni Cort. Hao ni Cor-Tek wa Korea Kusini, wana kiwanda Indonesia, na kwa miaka mingi wamekuwa wakitengenezea wenzao, Squier, Ibanez, PRS za SE (zile za bei nafuu), afu pembeni wanauza na za kwao. Sasa usije ukadhani kiwanda kimoja maana yake gitaa ni lile lile, hapana, mwenye oda ndo anaamua mbao gani, pikapu gani (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi kwenye gitaa la umeme), umaliziaji wa kiwango gani. Ila ujuzi upo pale pale, na kwa kuanzia si haba.

Harley Benton ni brandi ya duka lenyewe, Thomann la Ujerumani, wanauza moja kwa moja kwa hiyo hamna mtu wa kati wa kula cha juu, ubaya wake tu ni kwamba unalipa kabla hujalishika. Kwenye magitaa makavu, yale yasiyotumia umeme, kuna Seagull za Canada, nyingi zina uso wa mwerezi, sauti yake ni laini na inaitika hata ukigusa kidogo, na kuna Eastman za China ambao walianza na vayolini miaka ya 90.

Kama huogopi vitu vya mtumba basi tafuta za Japani za miaka ya 70 na 80. Aria Pro II, Westone, Vantage, hizo nyingi zilitoka Matsumoku, kiwanda kilichofungwa 1987. Greco nazo nyingi zilitoka FujiGen, wale wale waliokuwa wanatengeneza Ibanez. Mimi ningeanzia kwenye Westone maana Greco watu wameshazishtukia na bei zimepanda, ila angalia mwaka, baada ya Matsumoku kufungwa Westone zilihamia Korea na si kitu kile kile tena.

Haya, umelipata, liko mikononi. Kama ni kavu, kitu cha kwanza angalia ukingo wa lile tundu la sauti. Mistari ya mbao unayoiona juu ya uso wa gitaa ifuate mpaka kwenye ukingo, ikiwa inashuka kwenye unene wa mbao hadi chini basi huo ni uso wa mbao nzima, lakini ukiona tabaka tabaka kama za plaiwudi, au mstari wa juu hauendani na wa chini, ni mbao za kubandikwa. Saa zingine ukingo umepakwa rangi nyeusi au umewekewa plastiki, hapo muulize muuzaji moja kwa moja na akianza kuzunguka zunguka jibu umeshalipata. Plaiwudi sio dhambi, inavumilia hali ya hewa vizuri, ila usiilipie bei ya mbao nzima.

Ukimaliza hapo chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipitisha chini ya daraja (kile kipande kilichogundishwa usoni kinachoshikilia nyuzi) kwa nyuma, kikiingia, daraja limeanza kubanduka. Angalia pia kama uso umevimba nyuma ya daraja, uvimbe kidogo ni kawaida kwa gitaa lililovutwa na nyuzi miaka na miaka, ila likiwa na mgongo kabisa achana nalo.

Shingo ndo penye mambo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa, kwa wakati mmoja, afu chungulia katikati kwenye freti ya 7 au ya 8: inatakiwa nafasi ndogo sana, unene wa kadi ya biashara ya karatasi hivi. Ikiwa kubwa au haipo kabisa sio mwisho wa dunia, kile chuma cha ndani ya shingo kinarekebishwa kwa kuzungushwa, mradi nati yake inazunguka na haijaliwa, kwa hiyo omba kuiona. Pima na kimo cha nyuzi freti ya 12, kwenye kavu uzi mnene ukiwa milimita 2.5 hivi ni sawa, la umeme karibu 2 au chini. Gitaa kavu ambalo nyuzi ziko juu sana na kile kipande cheupe cha kwenye daraja kimeshasagwa mpaka kimeisha, hilo shingo yake inatakiwa kung'olewa na kupachikwa upya, na hakuna gitaa la bei rahisi linalostahili hiyo gharama. Liache hata kama linalia vizuri.

Baada ya hapo piga kila uzi kwenye kila freti, ndio, zote, muuzaji akinuna mwache anune. Unatafuta mlio wa kukwaruza au noti inayokufa. La umeme lichomeke kwenye ampu (spika yake ya kukuzia sauti), zungusha vitufe vyote, vikikwaruza ni vumbi tu, ila pikapu ikikaa kimya hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei.

Na usitumie hela yote kwenye kununua. Weka ya nyuzi mpya na ya fundi wa kuliseti, kwa sababu magitaa ya bei hii mara nyingi yanatoka kiwandani na mifereji ya nyuzi kule juu karibu na kichwa haijachimbwa vya kutosha, ndo maana kodi (chord) ya F inakuua vidole ukadhani tatizo ni wewe. Fundi akishusha hiyo mifereji na kulainisha ncha za freti, unaweza usilitambue. Ila akikuambia freti zote zinatakiwa kubadilishwa, na ulipewa siku za kurudisha, lirudishe, maana hiyo kazi peke yake inaweza kuzidi ulichonunulia.