Bendi ya roki Dodoma: anzeni na baa moja

Vijana wanaonifuata kutaka kuanzisha bendi ya roki hapa mjini huniuliza wanunue gitaa gani. Mimi huwauliza: mna baa? Nimepiga besi kwenye baa za Dodoma miaka tisa, kuanzia Majengo hadi Kisasa, na kazi hii nimejifunzia humo. Tafuteni baa moja na siku moja ya wiki, kisha msiiache mwaka mzima.

Siku yenyewe iwe Jumatano au Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi mwenye baa ana DJ wake na ana mpira, hana shida na nyinyi. Nendeni mchana kabla wateja hawajaingia, msalimieni kwa heshima, ombeni wiki nne za majaribio. Tajeni malipo kamili, na nusu yake itoke kabla hamjafunga vyombo kuanza kupiga. Sisi kuna mahali tulipatana kwa mdomo. Usiku wa manane meneja akaleta hesabu ya bia zetu, akakata, tukabaki watu wanne tunagawana elfu ishirini. Tangu siku hiyo tunaandikiana, hata kama ni kwenye daftari la kaunta, na bia kila mtu hulipa yake papo hapo.

Sasa sauti, maana hiyo ndiyo inayofukuzisha bendi za roki. Baa zetu nyingi ni bati juu na saruji chini. Ukizitandika dramu humo kama uko uwanja wa Jamhuri, mteja hawezi hata kuagiza kuku. Wekeni zulia chini ya dramu. Amplifaya ya gitaa ikikaa sakafuni inapiga magotini mwa mpigaji. Yeye haisikii, anazidi kuongeza, na wa meza ya mbele ndio wanaoumia. Ipandisheni juu ya kreti la soda, muilaze nyuma kidogo imwelekee sikioni. Wati 30 zinatosha kabisa. Halafu mmoja wenu atembee hadi meza ya mwisho asikilize: mhudumu akipokea oda bila kumwinamia mteja, hapo mmepatia.

Umeme nausema kwa uchungu. Mwimbaji wetu alikuwa ameshika nyuzi za gitaa, akasogeza mdomo kwenye maiki, nikaona kichwa kimerushwa nyuma na gitaa limeanguka. Mdomo ulikuwa na alama wiki nzima. Amplifaya tulikuwa tumeichomeka kaunta, mikisa kwenye waya uliotoka jikoni, na waya mmoja haukuwa na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Vyombo vyote vichomekeni kwenye laini moja yenye ethi. Nunueni testa, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, na kabla mtu hajaimba mguse nayo nyuzi za gitaa, kisha wavu wa maiki. Taa ikiwaka kokote kati ya hapo, zimeni kila kitu. Na fundi akitaka kukata mguu wa ethi ili kuondoa mvumo, mkatalieni.

Nyimbo anzeni na kopi, yaani nyimbo za bendi nyingine, lakini zichagueni. Malcolm na Angus Young walianzisha bendi ya roki ya AC/DC Sydney mwaka 1973 na wakakomalia kwenye baa za Australia. Sikilizeni gitaa la Malcolm: rifu fupi, yaani kipande cha gitaa kinachorudiwa, kisha kimya, kisha rifu. Kile kimya ndicho kinachomwezesha mtu aliyekuja kunywa kupiga meza kwa kiganja. Katika kila kopi tatu ingizeni wimbo wenu mmoja, wa Kiswahili. Sisi wetu wa kwanza kukubalika ulibeba mapigo ya muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, dramu ikiyashika na gitaa likikwaruza juu yake. Mzee mmoja aliyekuwa akitupa mgongo kila Alhamisi aligeuza kiti. Huko Uchagani au Pwani mngetafuta kingine. Hapa mnacho hicho, kitumieni.

Halafu kuna uhamisho. Huu ni mji wa serikali na wa chuo. Mpiga dramu wenu ni mtumishi, barua ikija anaondoka. Mpiga solo anamaliza UDOM anarudi kwao. Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, alifariki Februari 1980, na Julai mwaka huohuo walitoa albamu wakiwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson, kwa sababu uti wa mgongo wa bendi ulikuwa umebaki. Basi kila wimbo urekodini kwa simu, kila chombo peke yake, na mwandike mabadiliko yake kwenye daftari moja. Mgeni akija Jumatatu, Alhamisi anapanda.

Usajili wa bendi BASATA, baraza la sanaa la taifa, na wa nyimbo zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, fanyeni mapema.

Mkiona watu wamekwisha kukaa kabla hamjamaliza kutyuni, mwombeni mwenye baa usiku mmoja wa kiingilio, yeye abaki na vinywaji, nyinyi mlango. Usiku huo simu ikae meza ya katikati ikirekodi. Rekodi hiyo ndiyo ya kwenda nayo Singida na Morogoro, yenye watu wanaoitikia na chupa zinazogongana, maana mwenye baa wa huko atataka kusikia watu kabla ya gitaa.