Sikukuu za Wauzaji: Namna ya Kuzivuka Mfuko Ukiwa Salama

Kwanza chunguza siku yenyewe ilianzia wapi: nani aliyeivumisha, naye anauza nini? White Day ya Japani, Machi 14, ilienezwa na watengenezaji wa vitamutamu mwishoni mwa miaka ya 1970, ili wanaume warudishe zawadi za Valentine. Novemba 11 ya China ilikuwa utani wa wanafunzi makapera mpaka Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, ilipoifanya siku ya mauzo mwaka 2009. Lakini usizitie zote kapu moja. Siku ya Mama ya Marekani aliianzisha Anna Jarvis kwa ibada ya kanisani mwaka 1908, kisha akapambana na wauza maua na kadi kwa miaka mingi. Siku ya aina hiyo isherehekee, ila andika barua kwa mkono wako. Jarvis mwenyewe alizidharau kadi za kuchapwa.

Kazi kubwa iko kwenye bei. Siku 40 kabla, andika bei ya kitu unachokihitaji kweli, pamoja na namba ya modeli na gharama ya kusafirisha, kisha iangalie kila wiki. Ujanja uliozoeleka ni huu: bidhaa ya 80 hupandishwa hadi 120, halafu hubandikwa “punguzo 30%”. Unalipa 84, nne zaidi ya bei ya awali, na bado unashangilia. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, anayetangaza punguzo hutakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Kwingine daftari lako ndilo shahidi. Namba ya modeli usiipuuze, hasa kwa televisheni: toleo hafifu la msimu wa mauzo laweza kufanana na lile zuri, likatofautiana herufi moja tu.

Waridi kupanda bei Februari si lazima iwe hila, maana wote wanalitaka siku ileile ya Valentine. Chagua ua jingine au sogeza sherehe siku tatu mbele. Chokoleti hushuka bei kesho yake. Soma tarehe ya kuisha muda kwanza.

Makubaliano ya kifamilia kuhusu kiwango cha zawadi yafanyeni mwezi mzima kabla. Mkingoja mkesha, kuna aliyekwishanunua, na asiyenunua ataaibika.

Ukiona saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye tovuti, fungua ukurasa uleule kwa simu nyingine. Ikianza upya, ofa hiyo haina mwisho.