Mbwa Akikuuma, Anza na Sabuni

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Dandora, Nairobi. Mtoto akiletwa kwangu ameumwa na mbwa, swali langu la kwanza ni: mmeosha? Mara nyingi nakuta kidonda kimepakwa mafuta ya taa au pilipili. Tafadhalini, acheni. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate, na sabuni huviua. Fungua bomba, au mtu amimine maji ya jerikani polepole huku wewe ukiosha kwa sabuni dakika 15 kamili. Sabuni ya kipande ya kufulia yatosha. Mtoto atalia; endelea. Kisha paka iodini kama ipo, na usikifunge kidonda kwa kukibana.

Hospitali ni siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Chanjo hudungwa siku ya kuanza, halafu siku ya 3, 7, 14 na 28. Wengi huacha chanjo mara kidonda kikikauka, na hilo huniuma sana, kwa sababu dalili zikishaanza, mtu akaogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona.

Mbwa msimpige mawe mkamuua. Kama ana mwenyewe, afungiwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha chanjo zilizobaki.

Mbwa wako mchanje akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Paka naye mchanje vilevile.