Jinsi ya kuandika riwaya ya mke anayemshuku mumewe

Muswada wangu wa kwanza wa aina hii, ya mke anayehisi mumewe ni muuaji, ulikufa katika sura ya tatu. Nilimpa mume sanduku lenye kufuli chini ya kitanda, na kila niliyemsomea alisema palepale, "Ni yeye huyo." Hofu ikaisha, na mimi bado nilikuwa na kurasa 200 za kuandika. Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Ujue ukweli kabla ya mkeo wa hadithi

Amua kama mume ameua au hajaua. Kisha andika karatasi moja, ya kwako tu, inayoeleza usiku wa tukio saa kwa saa: alitoka saa ngapi, alipanda nini, alimwambia nini mkewe aliporudi. Usipoijua karatasi hii utajikuta unabuni ushahidi katikati ya njia, na msomaji atakukamata.

Hatua ya 2: Daftari la safu mbili

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Kushoto andika alichokiona mke. Kulia andika sababu mbili za jambo lilelile, moja ya hatia na moja isiyo ya mauaji, na zote zilingane uzito. Mume amefua shati lake mwenyewe saa tano usiku: kuna damu, au amerudia pombe aliyoapa kuiacha na amejitapikia. Fedha zimetumwa kwa namba isiyojulikana: ananyamazisha shahidi, au analipa kodi ya nyumba ndogo.

Umeona kwamba ile sababu nyingine nayo ina aibu yake? Iache hivyo. Mume aliyefukuzwa kazi na asiyetaka kusema hutoka kila asubuhi amevaa vizuri, hurudi na vumbi la njia ambazo mkewe hazijui, na akiulizwa hudanganya sawasawa na muuaji. Ukimfanya hana kosa lolote, uongo wake utakosa sababu. Mpe dhambi ndogo ya kuficha, ndipo kila swali la mke litamtoa jasho.

Na methali ya kikulacho ki nguoni mwako usiifanye jina la kitabu. Inamnong'oneza msomaji jibu kabla hajafungua ukurasa.

Hatua ya 3: Chora nyumba

Chukua penseli uichore. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba huku na huku, na uani kuna jiko, bafu na choo cha wote. Mara nyingi kuta za vyumba hazifiki juu, hivyo kikohozi cha chumba cha pili unakisikia kitandani. Humo mpangaji mwenzako anaweza kujua kuhusu mumeo kabla yako, na salamu yake ya asubuhi ikabadilika bila maelezo. Nyumba ya geti na ukuta mrefu ina hofu nyingine: mke akipiga kelele hakuna wa kusikia. Chagua moja, kisha ujue mlango upi unalia na funguo hulala wapi.

Hatua ya 4: Itumie lugha yenyewe

Kiswahili kimetupa zawadi kubwa. "Aliingia, akazima taa" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Shahidi anaweza kusimulia ukurasa mzima bila kudanganya, na mke akaamini anasikia habari za mumewe kumbe ni za wifi yake. Angalia pia majina ya kuitana. Mke aliyezoea kuita "Baba Rehema" akianza kusema "yeye" anapoongea na mama yake, msomaji atashtuka bila kuambiwa kitu.

Hatua ya 5: Kwa nini haendi polisi?

Wahariri huuliza hili kwanza, na wengine humwona mke mjinga. Sikubaliani nao kabisa. Dennis Rader aliua watu 10 katika jimbo la Kansas, Marekani, kati ya 1974 na 1991. Alikuwa na mke na watoto wawili, na alipokamatwa Februari 2005 alikuwa kiongozi wa baraza la kanisa lake. Miaka yote hiyo watu wa nyumbani kwake walimwona baba wa kawaida.

Wa kwako mpe sababu za hapa kwetu: ada ya watoto, wazee waliosimama siku ya mahari, shangazi anayesema mambo ya ndani hayatoki nje. Kisha soma sheria. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, mke wa mshtakiwa anaweza kuwa shahidi wa upande wa mashtaka lakini halazimishwi, isipokuwa katika makosa kama ya kujamiiana au yaliyotendwa dhidi yake mwenyewe au watoto. Mahakama lazima imjulishe haki hiyo kabla hajasema neno na iandike kwamba imemjulisha, la sivyo ushahidi wake haupokelewi. Hebu fikiria tukio hilo: jaji anamweleza kwamba anaruhusiwa kunyamaza, mumewe yuko kizimbani anamtazama. Mimi ningeipa sura nzima.

Hatua ya 6: Wasomee watu watatu

Soma kwa sauti. Wape penseli waweke alama kila wanapobadili mawazo kuhusu mume. Alama zikiwa chini ya tano, rudi kwenye daftari la safu mbili, utafute ni sababu ipi ya safu ya kulia imekuwa nyepesi.