Weka alama papo hapo, usisubiri kwenda kutafuta

Mnaorekodi kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, mnajua: shughuli ni ya saa nyingi, na kabla hata mahema hayajashushwa shangazi ameshaanza kudai kipande cha ssenga (shangazi wa bibi harusi) akimtambua bwana harusi. Ukianza kukisaka ndani ya faili moja refu, usiku utakuishia.

Ukitumia kompyuta yenye OBS Studio (programu ya kurekodi video), kuanzia toleo la 30.2 unaweza kurekodi kwa aina ya faili iitwayo Hybrid MP4 na kuweka alama ya sura (chapter) mahali unapopataka kwa kubonyeza kitufe kimoja ulichokichagua. Kwenye kamera ndogo ya GoPro, alama unaiweka kwa kubonyeza kitufe cha Mode wakati inarekodi. Simu ya kawaida? Tukio likishapita, si kabla, ziba lenzi kwa kiganja sekunde mbili. Ukipitisha picha ndogondogo baadaye, lile doa jeusi linaonekana mara moja, na unarudi nyuma kidogo tu. Mimi naipenda hii kuliko zote, maana haitaki programu yoyote. Ila mwambie mwenzako wa kamera ya pili aendelee, jogoo wa muko (kaka wa bibi harusi) asije akakabidhiwa gizani.

Kukata, programu ya LosslessCut inatosha: haisindiki video upya, kwa hiyo ni haraka na ubora haushuki.

Kutuma kwa WhatsApp, ambatisha kama hati, siyo kama video, la sivyo itabanwa mpaka nyuso zififie. Hati inaruhusiwa hadi GB 2, lakini fikiria bando la anayepokea: sekunde 40 zilizokatwa vizuri zinamtosha shangazi.