Namna ya Kuanzisha Lebo ya Rege ya Wasanii Wenyewe Jijini Arusha

Lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kutoa muziki, inayoendeshwa na wasanii wenyewe si jambo geni katika rege. Mwaka 1970 Bob Marley na wenzake wa The Wailers walianzisha Tuff Gong mjini Kingston, Jamaika, baada ya lebo yao ya awali ya mwaka 1966, kwa kuwa walikuwa wamechoka kuwafanyia kazi maprodyuza waliowalipa kidogo na kubaki na rekodi. Sababu hiyo inawahusu pia wasanii wa Arusha wanaoimba rege ya imani na haki. Anayemiliki rekodi ndiye anayeamua itumike wapi, na wimbo wa kumtukuza Mungu ukiwa mikononi mwa mtu mwingine unaweza kusikika kwenye tangazo la pombe bila mtunzi kuulizwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta studio, kaeni kitako mwandike makubaliano. Andikeni ni ujumbe wa aina gani lebo itaubeba na upi haitaupokea, fedha za mfadhili wa aina gani mtazikataa, na nani ana kauli ya mwisho wanachama wanapotofautiana. Msiogope kwamba mmoja ni Rasta, mwingine Mlutheri na mwingine Mwislamu; mkishakubaliana kwamba wimbo usimdhalilishe mwanamke, usitukane dini ya mtu wala usisifu ukatili, mna msingi wa kutosha kufanya kazi pamoja.

Sehemu ya pili ya makubaliano ni umiliki, na hapa nawaomba msiharakishe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha haki ya aliyetunga wimbo na haki za aliyeuimba au kuurekodi, na haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake ni kwamba mnachoandika leo kitawagusa wajukuu. Tengenezeni karatasi moja kwa kila wimbo, yenye jina la wimbo, tarehe, majina ya waliotunga maneno, melodi na mdundo, asilimia ya kila mmoja, na sahihi. Tuseme dada mmoja ametunga beti zote, na mpiga besi amebuni mstari wa besi ambao wimbo mzima umeuegemea. Kwa maoni yangu mpiga besi huyo anastahili asilimia ya utunzi, kwa kuwa katika rege besi ndiyo inayobeba wimbo, ilhali mpiga kinanda aliyeelekezwa kila kitu anaweza kulipwa mara moja kwa stakabadhi. Karatasi itiwe sahihi siku ile ile ya kurekodi, kabla vyombo havijafungwa na watu hawajatawanyika.

Usajili hauna ugumu mkubwa. Jina la biashara au kampuni husajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) kwa njia ya mtandao, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, wasanii hujisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na kazi zenyewe husajiliwa COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania). Kampuni ina nafsi yake kisheria, hivyo madeni yake hayawafuati wanachama nyumbani kama yanavyoweza kuwafuata wabia wa jina la biashara. Ulizeni pia kuhusu chombo kinachokusanya mirabaha ya muziki na mjiunge nacho, kwa sababu kusajili kazi na kukusanyiwa mirabaha ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu kurekodi, studio nyingi za mjini zimezoea bongo fleva na hip hop, ambako mdundo hujengwa kwenye kompyuta na mwimbaji huja baadaye. Rege ya kiroho hupoteza uhai ikifanywa hivyo. Mwelezeni prodyuza mapema kwamba ngoma na besi zitapigwa pamoja, wapigaji wakitazamana, kisha gitaa, kinanda na sauti vifuate. Katika mtindo wa one drop, pigo la kwanza huachwa wazi na uzito wote huangukia pigo la tatu, huku gitaa likikata kwa ufupi kwenye la pili na la nne. Prodyuza asiyeujua mtindo huu hushawishika kujaza nafasi zilizoachwa wazi, na ni hizo zinazompa msikilizaji muda wa kuyatafakari maneno. Mkipata mtu wa kupiga ngoma tatu za Nyabinghi, yaani ngoma za ibada za Marasta, mpeni nafasi yake mwenyewe, asifunikwe na ngoma za kompyuta. Baada ya kuchanganya sauti, usikilizeni wimbo kwenye simu ya kawaida na kwenye spika kubwa pia, kwa kuwa besi iliyosikika vizuri studioni inaweza kupotea kabisa kwenye simu. Ondokeni na nyimbo zilizokamilika pamoja na kila chombo kwenye faili lake, mzihifadhi kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Bila mafaili hayo hamtaweza kutengeneza toleo la dub, ambamo sauti nyingi za waimbaji huondolewa na ngoma na besi kutangulia.

Wakati wa kutoa wimbo, hakikisheni kila rekodi ina namba yake ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12, na kwamba akaunti ya msambazaji wa kidijitali, anayepeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni, imefunguliwa kwa jina la lebo, wala si kwa simu ya mwanachama mmoja. Imbeni Kiswahili chenu. Ujumbe wa imani unaoigwa kwa lafudhi ya Jamaika haumfikii mama wa sokoni Kilombero. Wapenzi wa rege wa Ulaya bado wananunua santuri, lakini gharama yake ni kubwa, hivyo subirini hadi maonyesho yenu yaweze kuilipia.

Fedha zikiingia, gharama za kurekodi zirudishwe kwanza kwa aliyezitoa, kisha mgao ufuate karatasi za nyimbo, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote kila baada ya miezi mitatu. Mwanachama akiamua kuondoka, aondoke na haki yake ya utunzi, na rekodi zilizokwisha kutolewa ziendelee kumlipa asilimia yake kama ilivyoandikwa.